Pikipiki Iliyobadilishwa Koo

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nikimngoja muuza kahawa apite, alinijia mpwa wangu na mzigo kwapani, umeviringishwa magazeti na kufungwa kamba ya katani, mithili ya mtu aliyenunua papa mkavu sokoni akaona haya kuonekana naye njiani. "Shikamoo, mjomba," alisema, na kabla marahaba yangu haijakamilika alikwisha kukata kamba na kuulaza mzigo miguuni pangu. Lilikuwa bomba la moshi la pikipiki, au kwa kauli ya vijana wenyewe, ekzosi: jipya, lenye shingo iliyopinda kwa madaha na kopo fupi nene linalong'aa kama sinia la arusi, mdomo wake mpana, na ubavuni limebandikwa jina la fahari ambalo mjuzi wa pikipiki hulitambua toka mbali.

Watu wa makamo yangu hatuna ajizi ya kukemea, na nakiri ya kuwa neno la kwanza lililonijia lilikuwa la kukemea. Walakini kijana huyu ni mwaka wa nne sasa anaendesha bodaboda, hulipa kodi ya chumba chake kwa jasho la pikipiki hiyo, wala hajapata kuniomba nauli. Na mtu wa namna hiyo akitaka kubadili kitu katika chombo kinachomlisha, haki yake ni kusikilizwa kwanza. Nilimwuliza sababu. Akataja wepesi, akataja mbio, na mwisho, akitazama pembeni kama aliyekumbuka jambo la kando, akataja sauti. Nilijua palepale ya kuwa hilo la kando ndilo lililomtoa fedha mfukoni. Lakini sikutaka kuhukumu nisilolijua, nikamwambia tutakwenda pamoja kwa fundi, nami nione kwa macho yangu kinachofungwa, jinsi kinavyofungwa, na pikipiki inavyokuwa baada ya kufungwa.

Chombo chenyewe ni Boxer ya Bajaj, ile iitwayo 150 ingawa ujazo wa silinda yake haufiki sentimita za ujazo 145, injini ya pistoni moja, ya mipigo minne, inayonyweshwa petroli kwa kabureta. Katika injini ya namna hii pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huibana, mchanganyiko huwaka na kuisukuma chini, kisha hurudi juu kuufukuza moshi; na kwa kuwa moshi hutolewa mara moja katika kila mizunguko miwili, injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika vali ya moshi hufunguka mara 50 katika sekunde moja. Kila ifungukapo, hewa ya moto yenye shinikizo hufyatuka kama kizibo cha chupa ya soda iliyotikiswa. Na vishindo hamsini hivyo, vinavyofuatana pasipo nafasi baina yao, ndivyo sikio la mwanadamu huvikusanya pamoja na kuviita mngurumo.

Kazi ya sailensa ni kuvipoza vishindo hivyo kabla havijafika barabarani, nayo hufanywa kwa njia mbili. Ile ya kiwandani aghalabu imegawanywa ndani kwa kuta na vijibomba, mfano wa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba na ukumbi, ili moshi uingie chumba hiki utokee kile, na mawimbi ya sauti yakigonga kuta yarudi yakutane na wenzao na kuuana. Ya pili, ambayo ndiyo ya wapenda mashindano, ni bomba moja lililonyooka lenye matundu madogo mengi kama kawa, limezungushiwa sufi ya kioo, na juu yake ngozi ya chuma cha pua, titani au nyuzi za kaboni. Hapo moshi hupita moja kwa moja na sehemu ya sauti humezwa na ile sufi. Njia hii ya pili hupunguza uzito na hupitisha moshi kwa wepesi, lakini hunyamazisha kwa akali, na sufi yake huungua polepole, hata baada ya muda kopo likabaki tupu na kelele ikaongezeka pasipo mwenyewe kutambua, kwa kuwa amekwisha kuizoea.

Historia ya chombo hiki ina jambo moja ambalo siwezi kulipita. Ndugu wawili wa Columbus, jimbo la Indiana huko Marekani, Milton Reeves na Marshall Reeves, walipewa hataza ya kizuia kelele cha injini mwaka 1897. Na mwaka 1909 Hiram Percy Maxim akapewa hataza ya kizuia sauti cha bunduki, kisha akaitumia ilimu hiyo hiyo kutuliza moshi wa magari. Jina la Maxim si geni katika nchi hii. Baba yake huyu, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya mfululizo iliyoitwa kwa jina lake, ambayo Wadachi waliielekeza kwa wazee wetu katika vita vya Maji Maji kati ya mwaka 1905 na 1907, na ambayo wenyeji waliiita bombomu kwa kufuata mlio wake. Mzee Maxim alizeeka kiziwi kwa kelele za silaha zake mwenyewe, ilhali mwanawe alipata riziki kwa kuzima kelele. Ningekuwa mshairi ningelifanyia kazi jambo hilo.

Tuirudie injini. Vijana wengi husadiki ya kuwa sailensa ni kizibo tu, kwamba imewekwa ili kuwafurahisha askari wa barabarani, na ukiiondoa injini itapumua na kukimbia. Wazee wa Tanga waliolijua gari la moshi wangeweza kuwafunza zaidi, maana reli ya kwanza ya bara ilianza kujengwa hapa kwetu mwaka 1893, na katika kila gari la mvuke ule mvuke uliokwisha kufanya kazi haukutupwa ovyo, bali ulielekezwa juu ya dohani ili uvute hewa kupita motoni. Kadiri gari lilivyofanya kazi ndivyo moto wake ulivyozidi kukolea. Kumbe hata kitolewacho kina kazi yake kikielekezwa vema.

Katika pikipiki mambo ni ya namna hiyo, ila hayaonekani kwa macho. Vali ya moshi ifungukapo, wimbi la shinikizo hulikimbilia bomba mpaka mwisho wake, na likifika mahali bomba linapofunguka hurudi nyuma likiwa limegeuka, si wimbi la kusukuma tena bali la kuvuta. Likirudi wakati vali mbili zote zi wazi kidogo, hukivuta nje kisalio cha moshi na kuikaribisha hewa mpya; likirudi kabla au baada ya wakati wake, halina faida, na pengine huleta hasara. Katika moshi wa moto sauti husafiri kiasi cha mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo bomba la mita moja wimbi huliendea na kulirudia kwa sehemu 4 kati ya 1000 za sekunde; na injini inayozunguka mara 7500 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa sehemu 8 kati ya 1000. Msomaji aone mwenyewe jinsi hesabu hizi zilivyo jirani, na jinsi urefu wa bomba unavyoamua ni katika mwendo gani injini itasaidiwa na katika mwendo gani itaachwa peke yake. Baadhi ya pikipiki za Bajaj zina kikopo kidogo kilichochomelewa kwenye bomba la mbele, ambacho kampuni hukiita ExhausTEC, na muradi wake ni kuipa injini nguvu katika mizunguko ya chini. Nimepata kuona vijana wakikikata kwa msumeno, wakidhani ni uvimbe.

Aliyeonyesha ulimwengu thamani ya umbo la bomba ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, ambaye kwa injini za mipigo miwili alitengeneza bomba lililofura tumboni na kuchongoka mkiani, akilipima na kulirekebisha usiku na mchana, hata mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ikatoa nguvu ya farasi 25, jambo ambalo matajiri wa magharibi hawakuwa wamelifikia. Mwezi Septemba mwaka huo huo, baada ya mashindano ya Kristianstad nchini Sweden, mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka asirudi kwao, akaifikisha siri kwa Suzuki ya Japani. Na mwaka 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 50, Degner mwenyewe akiwa juu ya tandiko. Injini ya Boxer ni ya mipigo minne, na bomba la Kaaden lisingeifaa. Kisa hiki nimekileta kwa sababu moja tu, ili mpwa wangu na wenzake wajue ya kuwa mtu mmoja aliihama nchi yake na umbo la bomba kichwani.

Basi tulikwenda kwa fundi, mtu mzima mwenye karakana ya mabati karibu na barabara ya kumi na mbili, ambaye hasemi sana na ambaye mikono yake haijapata kuwa myeupe tangu nimjue. Alilipokea bomba jipya, akalipiga kidogo kwa ukucha, akalisogeza mwangani, akasoma lile jina la fahari, akacheka. Kampuni yenye jina hilo iko Slovenia, imeanzishwa na Igor Akrapovič, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, na herufi ya mwisho ya jina lake ina kialama juu. Katika kopo la mpwa wangu kialama hakikuwapo. Fauka ya hayo, sailensa iliyoidhinishwa kwa barabara za Ulaya hugongwa muhuri wa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, na hapa palikuwa na karatasi ya gundi tu. "Mwanangu," fundi alimwambia, "hii ni bomba, si haba, lakini jina umelinunua bure." Kijana hakujibu. Karatasi yenyewe ilikunjamana na kudondoka siku hiyo hiyo, injini ilipopata moto.

Tulipima uzito kwa mizani ya duka la jirani, bomba la zamani na jipya, na tofauti ikawa kilo moja na robo tatu, yaani kama nazi mbili zilizofuliwa. Mpwa wangu hubeba abiria wawili na gunia la mkaa.

Fundi alikataa kugusa kitu mpaka injini ipoe kabisa. Alieleza ya kuwa bomba hushikwa kwenye hedi ya silinda kwa stadi mbili nyembamba za chuma, zilizokazwa ndani ya aluminiamu, na mji wa pwani kama huu, wenye hewa ya chumvi, huzifunga kwa kutu zikawa kama zimezaliwa humo. Mwenye haraka huzikata, na stadi iliyokatika ndani ya hedi huhitaji kutobolewa na kukatwa hesi upya, kazi inayoweza kumgharimu mtu zaidi ya bomba alilonunua. Alizinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, akatuagizia chai, na baada ya nusu saa akaanza kuzifungua kwa kwenda na kurudi, robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyejifungia chumbani.

Bomba la zamani liliposhuka alichukua waya uliopindwa ncha, akakwangua katika tundu la moshi na kuitoa pete ya shaba iliyobanwa ikawa nyembamba kama ganda la dagaa. Hii ndiyo gasketi, na hapa ndipo wengi hukosea: wengine huirudishia ileile, wengine huweka mpya juu ya kuukuu, na wote wawili hupata mvujo. Bei ya pete mpya haifiki bei ya sahani ya chipsi. Aliziba tundu kwa kitambaa safi alipokuwa akisugua kingo zake, maana punje moja ya chuma ikianguka mle huweza kuikalia vali, kisha akaibandika pete kwa grisi kidogo isidondoke, na kitambaa akakitia mfukoni mwake ili asikisahau ndani. Jambo hili la mwisho lilinipendeza. Nilimfahamu kwa hilo kuwa ni fundi aliyepata kukosea akajifunza.

Bomba jipya halikukubali mara moja. Shingo ilikaa sawa, lakini kishikio cha kopo na tundu la fremu vilipishana kwa upana wa kidole, na mpwa wangu, kwa nguvu za ujana, akalivuta ili bolti ipite. Fundi akamzuia mkono. Bomba lililokazwa kwa kulazimishwa, alisema, hubaki na mvuto mchana na usiku. Likipata moto likatanuka, likapoa likanywea, likatikiswa na mashimo ya barabara, hupasuka shingoni pale penye weldi. Alikata kipande cha chuma bapa, akakitoboa, akakiweka baina ya kishikio na fremu pamoja na mpira wa kupunguza mtikisiko, akaning'iniza kila kitu kikiwa legelege, na ndipo alipoanza kukaza: kwanza zile nati mbili za hedi, kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, pete ibanike sawasawa, kisha maungio ya kati, ambayo springi zake alizivuta kwa kitanzi cha kamba, na mwisho kabisa ile bolti ya nyuma. Mwenye kuanza nyuma huwa ameikosesha mbele nafasi ya kukaa.

Ikafuata mitihani midogo ambayo mnunuzi haioni dukani. Tuliketi wawili juu ya tandiko, tukajirusha, ili ionekane kama bomba litagonga mkono wa gurudumu la nyuma. Fundi alikanyaga breki, akaupiga mguu wa kuwashia, akaitelemsha nyayo ya abiria. Akaona upungufu mmoja, na upungufu huo si mdogo: bomba jipya halikuwa na kinga ya joto. Nani katika miji yetu asiye na ndugu mwenye kovu la ekzosi ndani ya mguu wake wa kulia? Na abiria wa mpwa wangu wengi ni akina mama wenye buibui na khanga, ambazo upindo wake ukigusa chuma kile huungua kabla mwenyewe hajasikia harufu. Fundi aliing'oa kinga ya bomba la zamani, akaifunga kwenye jipya kwa klipu mbili. Kwa macho ya kijana uzuri uliharibika. Mimi nilimlipia klipu.

Kabla ya kuwasha alilifuta bomba lote kwa kitambaa chenye petroli, akangoja likauke, kwa kuwa mafuta ya vidole yakipata moto juu ya chuma cha pua huacha alama zisizofutika abadan. Injini ilipowaka, moshi mweupe ulifuka kwa dakika chache, ndio ule uchafu wa kiwandani unaoungua, na fundi akazungushia maungio povu la sabuni kutafuta mvujo. Aliniita nione kitundu kidogo chini ya bomba la zamani, ambacho nilidhani ni kutu. Kumbe kimetobolewa kusudi. Petroli ikiungua huzaa maji, na lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja nzima ya maji, ambayo mengi hutoka kama mvuke. Lakini kwa safari fupi za mjini, bomba lisipopata moto wa kutosha, hubaki mle na kulila kwa ndani. Mwenye kuziba kitundu hicho kwa weldi, akidhani anafanya ukarabati, ameyafungia maji.

Sauti, basi. Katika mdomo wa kopo jipya palikuwa na kijibomba cha ndani kilichoshikwa kwa bolti moja, ambacho hupunguza kelele. Vijana hukiita kiini, na muuzaji alikuwa amemshauri mpwa wangu akitoe "ili pikipiki ijisikie". Akakitoa mwenyewe hapo karakanani, na aliposokota mkono wa mafuta, kuku wa jirani waliruka uani na fundi akajiziba sikio moja kwa bega. Kijana alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akitabasamu tangu utotoni. Nilisema ningemsikiliza, nami nakiri nilichokiona: sauti hiyo ilimfanya mkubwa. Katika kazi ambayo kila mwenye gari humpigia honi na kila abiria hupunguza nauli, nadhani hilo si jambo dogo kwake.

Siku mbili baadaye alirudi na malalamiko. Kila alipoachia mafuta kwenye mteremko, bomba lililipualipua kama fataki za Idi, na injini ilikuwa na joto kuliko desturi. Fundi aliifungua plagi akatuonyesha: ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Bomba jipya lilipitisha moshi kwa wepesi, kwa hiyo injini ilivuta hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopimiwa kuilisha petroli, na kwa uzito petroli hutaka hewa mara 14.7 hivi, si zaidi. Ikizidi, moto huwa mkali, na pistoni ndiyo hulipa. Alibadili jeti kubwa, kile kijitundu cha kabureta kipimacho petroli, kwa ya namba moja juu, akaigeuza skrubu ya hewa kidogo kidogo huku akisikiliza, na baada ya mzunguko wa mjini plagi ikatoka na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, ndiyo rangi inayotakiwa. Pikipiki mpya zisizo na kabureta, zenye kompyuta na sensa ya oksijeni kwenye bomba, zina matibabu yao mengine, na sensa hiyo haipaswi kuachwa ikining'inia kwa kuwa bomba jipya halina tundu lake. Ajabu ni kuwa muuzaji hakutaja jeti hata kwa bahati mbaya.

Jaribio nililolitaka mimi lilikuwa mlima. Tulitoka Tanga alfajiri, mimi nikiwa abiria, tukapita Muheza, kisha tukaikamata njia ya vumbi ipandayo Amani, katika Usambara ya Mashariki, mahali palipo kiasi cha mita 900 juu ya bahari, ambapo Wadachi walianzisha taasisi yao ya elimu ya mimea na kilimo mwaka 1902. Katika tambarare, nasema kwa insafu, injini ilipofika mizunguko ya juu ilikuwa na uchangamfu kidogo kuliko zamani. Lakini mlimani, kwenye kona ambazo kijana alikuwa akizipanda kwa gia ya pili, injini ilikoroma pasipo kuvuta, na ikambidi arudi gia ya kwanza mara kwa mara, kelele ikijaa msituni na mbega wakirukia miti ya mbali. Ile nguvu ya chini, ambayo kiwanda kiliitafuta kwa urefu wa bomba na kwa vile vyumba vya ndani, na ambayo ndiyo hasa nguvu ya bodaboda mwenye abiria wawili na gunia, ilikuwa imeuzwa ili kununua uchangamfu wa mizunguko ya juu, ambao katika mitaa ya Ngamiani haufikiwi isipokuwa na mwehu. Tulipofika Amani kijana aliazima spana kwa mwenye duka, akakirudisha kiini mwenyewe, bila ya mimi kusema neno. Safari iliyofuata nguvu ya chini ilirejea, si yote, bali ya kutosha.

Mintarafu ya sheria, Kenya ina kanuni zake za kelele tangu mwaka 2009 na Tanzania tangu 2015, zote zikiwa chini ya sheria za mazingira, na mwenye shida na askari hana pa kujitetea. Walakini mimi nilimwambia mpwa wangu habari za masikio yake mwenyewe. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huweka desibeli 85 kuwa kikomo cha saa 8 za kazi kwa siku; zikiwa 88, ni saa 4; zikiwa 100, ni dakika 15 tu. Yeye hukaa juu ya bomba hilo kutoka alfajiri hadi saa nne ya usiku. Alinijibu kwa hoja ambayo nimeisikia kwa wengi, kwamba kelele humlinda, kwa kuwa wenye magari humsikia. Nilimwomba asimame mbele ya pikipiki, kisha nyuma, injini ikinguruma, aniambie ni wapi kelele ni kubwa. Mdomo wa bomba hutazama nyuma, na gari litakalomgonga aghalabu huwa mbele yake, madirisha yamefungwa na muziki unapiga. Tena nyumba ya pili kutoka kwangu yumo mtoto ambaye hajatimiza arobaini, na mama yake ndiye aliyekuwa akimpikia mpwa wangu uji alipokuwa na homa mwaka jana. Kwa hilo hakuwa na hoja.

Leo bomba jipya lingali pikipikini, kiini ndani, kinga ubavuni, jeti imebadilishwa, na sauti yake ni nzito kidogo kuliko za wenziwe kijiweni, kiasi cha kumtambulisha mwenyewe pasipo kumwamsha mtoto. Jumla ya alichotumia, nikihesabu bomba, pete, jeti, klipu na ujira wa fundi mara mbili, ni kipato chake cha wiki tatu, naye anasema hajuti. Simhukumu.

Nina ombi moja kwa msomaji mwenye nia kama yake. Siku ile ya kwanza fundi, mwema kama alivyo, alilisogeza bomba la zamani kwa mguu akasema, "Hili niachieni, nitawapunguzia kidogo." Usimwachie. Siku utakapoiuza pikipiki mnunuzi ataliulizia, na siku kopo jipya litakapoungua sufi yake utalihitaji. La mpwa wangu nimelimiminia mafuta machafu ya injini kwa ndani, nikalifunga guniani, nami nimelitundika darini kwangu, mdomo chini.